Sifuri Moja Mbele

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mhujumu aliyeitwa Dalali aliruka uzio wa nyuma wa hospitali na kutimua mbio kuelekea nyumba ya mitambo ya oksijeni.

Rula alikuwa hatua thelathini nyuma yake.

Bastola yake aina ya Beretta ilikuwa kiunoni na ingebaki huko huko. Penye oksijeni, cheche moja ingewamaliza wote wawili na wodi nzima ya jirani.

Kifaa cha sikioni kikakoroma. Alikuwa Mkuu wa idara ya upelelezi.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Namtaka akiwa hai. Na uniambie nani aliichezea ile faili ya programu."

Faili hiyo ilikuwa imemnyima Rula usingizi kwa wiki tatu. Kabla hajawa mpelelezi wa kupiga watu ngwala, alikuwa mwandishi wa programu wa idara, na miaka saba iliyopita aliandika kwa lugha ya C programu inayolinda oksijeni ya hospitali hii. Presha ikishuka chini ya sitini, kengele ilie na matangi ya akiba yafunguke yenyewe. Wiki tatu zilizopita presha ilishuka hadi arobaini na tisa. Kengele haikulia. Asubuhi ile wodi namba sita ilipoteza wagonjwa wanne, na mmoja wao alikuwa mke wake.

Basi lazima kuna mtu aliyeingiza mkono kwenye faili. Rula aliapa kumpata, hata kama ingekuwa kazi yake ya mwisho.

Alimkuta Dalali ameshika mpini wa vali ya akiba, kipande kimoja mkononi, kingine kimekatika sakafuni. Bomba kuu lilikuwa limepasuliwa na hewa ikitoka kwa mlio mkali. Rula alimpiga ngwala moja, goti kifuani, pingu mikononi. Halikuwa pambano la kusimulia.

Geji ilisoma hamsini na nane, kengele haikulia, na bila mpini akiba isingefunguliwa kwa mkono.

"Umechelewa," Dalali alisema, akihema. Mabosi wake wa ng'ambo waliuza mitungi ya gesi, na walitaka mtambo huu ufe mchana kweupe, ili nchi nzima iwapigie magoti.

"Nani alibadilisha faili?"

Dalali alimwangalia kana kwamba ameulizwa jina la mama yake. "Faili gani? Sisi tuliiba nakala tu. Vijana wetu waliisoma, wakacheka mpaka wakalia. Tukaijaribu mara moja, wiki tatu zilizopita, tukaona ni kweli kengele hailii."

Hamsini na saba. Chini ya hamsini, wodi zingeanza kuzika.

Rula akaketi mbele ya kompyuta ya mtambo. Aliifungua faili akitafuta tarehe ya wiki tatu zilizopita. Tarehe iliyokuwepo ilikuwa ya miaka saba, na jina la mtumiaji lilikuwa lake.

PRESHA_JUU 120
PRESHA_CHINI 060
JOTO_JUU 045

Aina ya data ilikuwa sawa, int, namba nzima zisizo na desimali. Majina yalikuwa sawa. Namba zilisimama wima, tarakimu tatu kila mstari, zimepangwa gwaride.

Akaiwekea kidole sifuri ya mstari wa pili.

Wenzake walimwita Rula kwa sababu ya kunyoosha kila kitu hivyo. Mkewe alimtania kwamba hata viatu vya wageni anavipanga mlangoni, na kwamba siku moja unadhifu wake utamletea balaa. Alikuwa akicheka aliposema hivyo.

Katika C, namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa nane, si kwa kumi. Sitini yenye sifuri mbele ni nane mara sita. Arobaini na nane.

Kengele ilikuwa ikisubiri presha ishuke chini ya arobaini na nane. Na siku ya majaribio aliishusha mpaka arobaini, kengele ikalia, watu wakapiga makofi. Aliitangaza kuwa namba isiyobadilika, na kwa miaka saba haikubadilika.

Hamsini na nne.

Alifuta sifuri. Akaiamuru kompyuta iijenge programu upya. Sekunde ishirini. Thelathini. Geji hamsini na mbili. Dalali, pale sakafuni, aliitazama geji naye.

Hamsini na moja.

Kengele ikalia.

Matangi ya akiba yalifunguka kwa kishindo, na mshale ukaanza kupanda. Rula aliusikiliza mlio ule, mlio uliopaswa kusikika wiki tatu zilizopita.

"Rula," Mkuu aliita sikioni. "Mambo?"

"Wagonjwa wako salama. Dalali ninaye."

"Safi sana. Na faili? Nani aliibadilisha?"

"Hakuna aliyeibadilisha, Mkuu. Iko kama nilivyoiandika."

Mkuu akamwita kwa sauti ya chini. Rula alikitoa kifaa sikioni.

Walinzi walipoingia kumchukua Dalali, Rula aliweka mezani kifaa, kitambulisho na bastola, akatoka bila haraka, mikono mfukoni. Mlangoni aligeuka mara moja.

Vitu vitatu vilikuwa vimelala sambamba, vimenyooka kwenye ukingo wa meza.

Akaviacha hivyo hivyo, akaenda zake kwa miguu.