Gari la Zimamoto Lisilo na Pampu

Ndege ndogo iliungua asubuhi kweupe, mwisho wa njia ya kurukia, na gari la manjano la zimamoto limesimama kando yake, mpira umenyooshwa, maji hayatoki hata tone. Rubani alifia ndani. Walipofungua ubavu wa gari, mahali pa pampu palikuwa wazi kama pengo la jino.

Adhuhuri mkuu wa zimamoto alikuwa rumande. Ufunguo wa ubavu ule alikuwa nao yeye.

"Ameiuza, mama," meneja wa kiwanja alimwambia Inspekta. "Hawa hawashibi."

"Ufunguo ni huo mmoja?"

"Wa akiba uko kwangu. Lakini mimi pampu ya nini? Nioshee gari?" Akacheka peke yake.

Inspekta, mwanamke asiye na papara, alianza na fundi aliyefukuzwa kazi, maana aliapa hadharani kwamba shirika la viwanja litamkoma.

"Niliapa na naapa tena," fundi akasema. "Ila wiki hii nzima nilikuwa msibani kwa shemeji. Uliza ukoo mzima, nilivyokula watanikumbuka."

Ukoo ulimkumbuka. Inspekta akarudi garini, akainama. Nati zilikuwa zimerudishwa kwenye boliti zake na kupakwa grisi mpya. Midomo ya mabomba imezibwa kwa matambara masafi. Mwizi gani huyo anayetunza nyumba aliyoivunja? Aliyeitoa pampu alikusudia kuirudisha.

Akaenda rumande.

"Wiki hii ulikuwa wapi?"

"Semina, makao makuu. Meneja alinituma ghafla. Nilifurahi kama mtoto, mama. Nimerudi jana jioni. Nilipanga nikague gari leo asubuhi, ndege ikanitangulia."

"Wiki hiyo wakaguzi wa usalama walikuwa kiwanja gani?"

Mzee akahesabu siku kwa vidole. "Cha kaskazini. Gari lao pampu ilikufa zamani."

Viwanja vyote vya nchi viko chini ya shirika moja, nalo ni la umma siku ya hasara tu. Siku ya faida lina wenyewe. Kesho yake Inspekta alimchukua meneja hadi kaskazini, akamsimamisha mbele ya gari la huko. Pampu ilikuwa nyekundu kama gari. Akaikwangua kwa ufunguo. Chini ya wekundu kukatokea manjano, rangi ya gari lililokosa maji.

"Nani alikuamuru?"

Meneja alikaa chini, sakafuni, na suti yake. "Mkurugenzi mkuu. Mkaguzi akija huku, tunaazima kule. Miaka yote! Fedha za pampu mpya zilijenga ukumbi wa waheshimiwa. Kiwanja kingefungwa, watu wangekosa kazi. Ilikuwa irudi Jumatatu."

"Na mzee wa watu ukamtupa rumande?"

"Ilibidi awepo mtu."

Pingu alivalishwa palepale. Za mkurugenzi zilichelewa: alikuwa safarini, kupokea tuzo ya usalama.

Jioni mkuu wa zimamoto aliachiwa. Mjane wa rubani alikuwa amemsubiri langoni.

"Kaka, niambie. Maji yangetoka, mume wangu angepona?"

Inspekta, nyuma ya mjane, alimtikisia mzee kichwa: mwongopee, mwambie asingepona.

"Moto ulianzia mkiani, dada," mzee akasema. "Angepona."