Sauti ya Inga Kinywani mwa Taisia

Midomo ilikuwa yake, lakini sauti haikuwa yake.

Taisia Lvovna alikaa wima safu ya mbele, akijitazama kwenye sinema amejifunga kitambaa cha mke wa askari, amesimama stesheni pembeni ya treni. Midomo ikafunguka. Ikatoka sauti nyembamba, tamu, ya msichana: "Rudi, Stepan. Utakuta chai bado ya moto."

Sauti ile aliijua. Miezi saba sasa ilikuwa ikipiga simu nyumbani kwao kila Jumanne na kusema, "Samahani, nimekosea namba." Haipiti nusu saa, Gleb mumewe anakumbuka kwamba sigara zimemwishia, anavaa koti na kutoka.

Akamgeukia mumewe aliyekaa kando yake. Gleb ndiye aliyeiongoza filamu hiyo, na sasa alikuwa anachezea kifungo cha koti lake.

— Gleb, huyo anayesema ni nani?

— Tazama filamu kwanza, Tasya. Watu wanatuangalia.

— Nimekuuliza.

— Tutaongea nyumbani.

Kwa miaka tisa hakuna mwongozaji aliyempa nafasi ya maana. Alipofika miaka thelathini na tisa, studio walishamweka kwenye kundi la mashangazi. Gleb alipompa nafasi hii, Taisia alilia kama mtoto, akaigiza majira yote ya baridi huku buti zimemgandia miguuni. Ilibaki sauti tu, maana pale Leningrad mwigizaji huigiza kwanza, kisha huingia chumba cha kurekodia na kuyasema upya maneno yake yote. Lakini mwezi wa tatu koo likamuuma. Gleb akamletea maziwa ya moto na asali, akamwambia alale, sauti za siku ya kupiga picha zimetoka safi, hakuna haja ya kurudia.

Taisia alikumbuka vizuri kwamba siku ile ya kupiga picha injini ya treni ilinguruma hadi wakawa wanaongea kwa ishara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingedanganyika. Yeye alidanganyika, kwa sababu aliyesema alikuwa mumewe na ameshika kikombe cha maziwa.

Filamu haijaisha, akanyanyuka na kutoka. Gleb akamfuata hadi kwenye chumba cha makoti, ambako mama Pelageya, mtunza makoti, alikuwa amemhifadhia waridi zake. Bibi huyo alizihesabu moja moja kabla ya kumkabidhi.

— Tano, mwanangu. Mbili, nne, sita, hizo tunampelekea marehemu.

Taisia akazipokea, kisha akamtazama mumewe.

— Ni Inga, sivyo? Yule wa michezo ya watoto redioni.

— Studio walitaka sauti changa. Ya kwako imekwaruza, Tasya. Watu wangecheka.

— Na namba yetu ya simu, hao studio ndio waliompa?

Gleb akageuka kuangalia mlango wa ukumbi.

— Mambo ya kitandani ningekusamehe, Gleb. Ningelia mwezi mzima, halafu ningekusamehe. Lakini umechukua kinywa changu ukampa mwanamke wako, na mimi nikanywa maziwa yako nikakushukuru.

— Usiharibu siku. Panda jukwaani, inama, pokea makofi. Filamu hii itakurudisha.

— Itamrudisha nani?

Ndani taa zikawaka, na waigizaji wakaitwa jukwaani. Taisia alipanda wa mwisho, na Gleb akapanda nyuma yake huku anatabasamu. Taisia alijua kwamba akinyamaza, kazi zitamjia kuanzia kesho. Akisema, huenda hakuna studio itakayomwita tena. Akasogea kwenye kipaza sauti.

— Rudi, Stepan, — akasema kwa sauti yake nzito, iliyokwaruza. — Utakuta chai bado ya moto.

Mwanamke mmoja safu ya pili, mwenye umri wa kuwa na Stepan wake asiyerudi kutoka vitani, akaanza kulia.

— Hiyo ndiyo sauti yangu. Ile mliyoisikia ni ya Inga Verbina, na jina lake halikuandikwa popote. Inga, simama. Uko safu ya nne, nimekuona.

Msichana akasimama, mkoba ameubana kifuani.

— Taisia Lvovna, aliniambia unajua. Aliniambia wewe mwenyewe ndiye uliyenichagua. Na kwamba mlishaachana tangu mwaka jana, mnatumia jiko moja tu, ila nisikuudhi kwa kujitaja kwenye simu.

Taisia alikuwa amejiandaa kumchukia, na hakuweza.

— Basi sote wawili tumekosea namba, mdogo wangu.

Kuna waliocheka. Gleb akamshika Taisia kiwiko, akamnong'oneza kwamba inatosha, washuke. Taisia akakubaliana naye kwamba inatosha. Akachomoa waridi moja kwenye shada lake, akaipachika kwenye kola ya gauni lake. Zilizobaki akamwekea mumewe mikononi, mbele ya ukumbi mzima, akashuka ngazi kwenda kuchukua koti lake.

Gleb akabaki amezishika. Mlangoni, mama Pelageya alizihesabu kwa kidole kutoka mbali, moja, mbili, tatu, nne, kisha akafanya ishara ya msalaba.