Mashine Iliyouliza Jina la Mama

Mashine ya teleksi, ile ya kupeleka maandishi kwa waya, ilianza kunuka halua kabla haijaandika neno. Wanu aliinusa asubuhi ya kwanza, akadhani watu wa ofisi wamekula wakasahau kunawa. Lakini ilikuwa halua ya siku nyingi, iliyochacha, na ndani yake harufu ya marashi.

Huo ulikuwa mwaka 1971, katika ofisi moja ya karafuu Shangani, ghorofa ya juu ya nyumba ambayo wenyewe waliikimbia wakati wa Mapinduzi wakaacha hata vyungu jikoni. Bwana Muhiddin, aliyepewa kazi ya kumfundisha Wanu, alikuwa mtu wa hasira za karibu.

"Mashine haina akili," alimwambia. "Unaiamuru, inafanya. Kabla hujapeleka habari unabonyeza hapa, unamuuliza wa upande wa pili: wewe nani? Akijibu, ndo unaanza. Na lolote litakaloandikwa, lisome kwa sauti kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze, usifikiri. Umesikia?"

"Naam, Bwana."

Wanu alikuwa msichana mtiifu mno. Mimi utii wake huo unaniuma mpaka leo.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, alibaki peke yake akijizoeza. Jua lilikuwa utosini. Mashine ikanguruma, ikaandika yenyewe:

WEWE NANI

Wanu akacheka. Bwana Muhiddin huyo, alifikiri, yuko Posta ananipima. Akajibu: WANU.

NANI MAMAKO

Akaandika MWANAPILI, na kidole kilipoinuka ndipo aliposhtuka, kwa sababu ofisini huulizwa jina la baba. La mama huuliza waganga, na watu wanaotaka kukudhuru.

NJAA, ikaandika mashine.

Bwana Muhiddin aliporudi akaiona karatasi, sauti ikamshuka.

"Nani kakuuliza haya?"

"Si wewe, Bwana? Kutoka Posta?"

"Laini haijaungwa, Wanu. Waya huu haujafika popote."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwao Kikwajuni, kila adhuhuri mama yake akawa anaitwa kutoka uani kwa sauti ya Wanu, na akitoka hakuti mtu. Bi Mwanapili alikuwa amezika watoto wake wote isipokuwa huyu.

"Kikikuita usiitike, mama," Wanu alimwomba huku akilia.

"Nsiitike vipi, mwanangu? Sauti yako ile!"

Ijumaa iliyofuata, ofisi ilipokuwa tupu tena, Wanu alimpandisha ngazi Bi Mashavu, mganga kutoka Fumba, mwanamke mkali asiyetaka salamu ndefu. Alinusa mlangoni, akatema mate.

"Jini la kufugwa hili. Wenyewe wamekimbia, hawakumuaga. Sasa ana njaa, anatafuta mwili wa kulia chakula." Akamziba Wanu mdomo. "Jina lako usinambie, asije akalisikia tena. Nataka lake. Akishalitaja, nami nikamtaja, namfunga humo humo anamosemea."

Akatia ubani kwenye chetezo. Moshi ukatanda, na chini ya moshi ile halua ikazidi kuoza, na juu ya dari kukawa na kitu kinakwaruza boriti taratibu kikitoka pembeni kuja katikati, kikaja mpaka kikasimama sawasawa juu ya kichwa cha Wanu, naye akahisi pumzi ya moto shingoni, pumzi ya mtu aliyemwinamia asome anachoandika.

"Muulize," Bi Mashavu alinong'ona. Yeye alijua herufi za Kiarabu tu; hizi hazikumwambia kitu.

Wanu akabonyeza. Mashine ikajibu polepole, herufi moja moja, na yeye, akili imeganda kwa woga na kubakiwa na lile alilofundishwa tu, kwamba asiongeze wala asipunguze wala asifikiri, akasoma kwa sauti kama lilivyo:

"Wanu, mwana wa Mwanapili."

"Wanu mwana wa Mwanapili!" Bi Mashavu akapaza sauti papo hapo. "Toka katika miili ya watu! Nimekufunga humo humo mashineni!"

Mashine ikanyamaza. Harufu ikakatika. Msichana alibaki kitini, mikono mapajani, akitabasamu, na Bi Mashavu akashusha pumzi kwa kuridhika. Simlaumu mganga, hakujua jina lile ni la nani. Namlaumu aliyemfundisha mtoto wa watu asifikiri.

Jioni, Kikwajuni, Bi Mwanapili alisimama mlango wa jiko akimtazama mwanawe akikomba chungu kizima cha wali kwa mikono miwili, bila bismillahi.

"Wanu," aliita kwa woga.

Msichana hakuinua uso.

"Wanu! Wanu, mwanangu!"

Wakati huo huo Shangani, Bwana Muhiddin alikuwa anafunga madirisha ya ofisi. Nyuma yake mashine ikaanza kugonga, na waya wake bado haujafika popote. Akasogea, akainamia karatasi, na kwa mazoea akasoma kwa sauti:

NAAM MAMA

NAAM MAMA

NIPO HUKU