Spika Iliyomeza Maneno

Kasereka ni seremala. Alitoka Butembo, Kongo. Sasa anakaa Kyebando, Kampala, na mke wake Emérence na mama mkwe wake, Mama Kavira. Anatengeneza vitanda, meza na maboksi ya spika. Hukata mbao, huweka spika mbili ndani, kubwa na ndogo, huunganisha nyaya, kisha huuza.

Boksi moja alimpa Mama Kavira. Masikio ya mama yamechoka, na spika ya simu yake ilikufa zamani. Kwa hiyo yeye huunganisha simu na boksi ili asikilize ujumbe wa sauti kutoka nyumbani. Boksi lilikaa kwenye pembe ya sebule. Wageni walilisifu. "Linanguruma!" walisema.

Jumatano moja asubuhi, Mama Kavira alikuwa akimenya matoke. Simu yake ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Jean-Claude, mume wa binti yake mdogo, Salama. Salama alikuwa mgonjwa, na Jean-Claude alikuwa akimpeleka hospitali Bunia akapasuliwe.

Mama aliunganisha simu. Sauti nzito ikatoka kwenye boksi. Mama akaangusha kisu.

"Amesema nini?" Emérence aliuliza kutoka uani.

"Tumezika Salama!" mama alilia. "Wamezika mwanangu!"

Emérence alikimbia ndani. Walisikiliza tena. Sauti ilinguruma, na Emérence akasikia yale yale aliyoambiwa: tumezika Salama, mtuombee. Wakampigia Jean-Claude. Simu yake haikupatikana.

Kabla ya saa sita, uwanja ulijaa majirani. Wanawake wa kanisa walileta kuni na chai. Wengine walianza kuimba. Kasereka alifunga karakana yake, akakaa na wanaume.

Jirani yao Akeyo alikuja pia. Akeyo ni Mkenya kutoka Kisumu. Kazi yake ni kufunga vyombo vya sauti kwenye harusi na mikutano. Alimpa Mama Kavira pole, akakaa karibu naye.

"Mama, nani alikuletea habari?" aliuliza polepole.

"Jean-Claude mwenyewe. Sikiliza."

Akeyo alisikiliza kwenye boksi. Akakunja uso. Alitoa visikizi vidogo mfukoni, akavichomeka kwenye simu na kusikiliza tena. Halafu akavitia kwenye masikio ya Mama Kavira na kuongeza sauti.

"Mama, tumefika salama," Jean-Claude alisema. "Mtuombee."

Mama Kavira alitoka uwanjani, akakaa chini kwenye vumbi. Alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. "Wamefika!" aliita. "Wamefika salama! Mtoto wangu hajafa!"

Saa tisa simu ya Jean-Claude ilipatikana. Salama mwenyewe alizungumza. Sauti yake ilikuwa dhaifu. "Mama, mbona kelele nyingi? Nani amekufa huko?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikunywa chai yote ya msiba. Kasereka peke yake hakucheka.

"Dada Akeyo," alisema, "hiyo spika niliitengeneza kwa mikono yangu. Imemuua shemeji yangu nusu siku. Kosa liko wapi?"

"Sijui bado. Tusibahatishe. Tuipime."

"Kwa mashine gani? Mimi ni fundi mdogo."

"Kwa kompyuta yangu ya kazi. Programu yake ni ya bure. Na kipaza sauti kidogo, hiki cha kubana kwenye shati. Una boksi jingine la aina hii?"

"Ninalo moja karakanani. Mbao ni zile zile, na spika ni zile zile."

"Lilete. Tutalinganisha."

Jumamosi walitoa maboksi mawili uwanjani, mbali na ukuta.

"Ndani ya nyumba, sauti hugonga ukuta na kurudi," Akeyo alieleza. "Huko tungepima ukuta badala ya spika."

Kasereka aliweka boksi la Mama Kavira juu ya meza. Alipima mita moja kwa futi yake ya useremala. Hapo akasimamisha fimbo, na Akeyo akabana kipaza sauti juu yake, kikiwa kimo kimoja na spika ndogo ya boksi.

"Kompyuta itatoa mlio," Akeyo alisema. "Utaanza chini kama ngurumo na kupanda hadi mwembamba kama mbu. Kipaza sauti kitasikia, kompyuta itachora mstari. Tunaanza na sauti ndogo. Ukiongeza sana, unaunguza spika."

Walisubiri bodaboda ipite. Mlio ukapanda. Walipima mara mbili, na mistari miwili ikalingana. Kisha waliweka boksi la pili mahali pale pale na kupima.

"Angalia," Akeyo alisema. "Kushoto ni sauti nene. Kulia ni sauti nyembamba. Mstari ukishuka, sauti imepungua."

Kasereka aliinama. Mstari wa boksi la pili ulipanda na kushuka kidogo kidogo. Mstari wa boksi la Mama Kavira ulikuwa na shimo kubwa upande wa kulia.

"Labda kipaza sauti chako ni kibaya," Kasereka alisema.

"Kweli, ni cha bei rahisi, kina makosa yake. Lakini kimesikia maboksi yote mawili. Kosa lake lingeonekana kwenye mistari yote. Shimo hili ni la boksi la Mama. Na liko mahali ambapo spika kubwa inaachia kazi spika ndogo. Sauti za f, s na t zinahitaji sehemu hiyo. Fungua boksi."

Kasereka alifungua skrubu. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, bila rangi ya kuzitofautisha. Aliangalia alama za chanya na hasi kwenye spika ndogo, akafuata waya kwa kidole.

"Nimeigeuza," alisema. "Chanya iko kwenye hasi."

"Basi spika kubwa inasukuma hewa wakati ndogo inavuta. Zinauana."

Alibadilisha nyaya, wakapima tena. Shimo lilikuwa limejaa. Wakarudisha boksi sebuleni, lakini si kwenye pembe, kwa sababu pembe huongeza ngurumo na kufunika maneno. Mama Kavira alisikiliza ujumbe wote wa mwezi ule, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza mtu.

Jioni Kasereka alimwambia mke wake, "Nimeuza maboksi sita. Yote yana nyaya nyeusi."

"Watu watasema hujui kazi," Emérence alijibu. Alifikiri kidogo. "Lakini nenda ukayapime."

Jumatatu, Kasereka na Akeyo walikwenda Kamwokya kwa Faruk, muuza chapati aliyenunua boksi moja.

"Lakini mimi sijalalamika," Faruk alishangaa.

"Najua. Ungelalamikaje? Hujawahi kulisikia likiwa zima."

Walipima. Shimo lilikuwepo. Kasereka aligeuza nyaya mbele ya Faruk, wakapima tena, kisha Faruk akafungulia redio yake ya kila siku. Alisimama, chapati mkononi.

"Kumbe mtangazaji huyu anaitwa Olanya!" alisema. "Mwaka mzima nilikuwa namwita Onyango!"

Kasereka alikaza skrubu ya mwisho, akafunga kompyuta kwenye mfuko. Maboksi matano yalikuwa yamebaki.