Stendi Iliyopima Shingo

Jumatatu asubuhi Levina alifungua mlango wa karakana akakuta stendi ya injini imebadilishwa vipimo.

Jumamosi, kabla ya kufunga, alikuwa ameitanua mikono minne ya stendi kwa upana wa injini ya Isuzu, akakaza boliti kwa spana, akashusha kichwa cha stendi, pale injini inapofungwa, mpaka usawa wa kiuno ili kazi ya Jumatatu ianze bila kuhangaika. Sasa kichwa kilikuwa juu, karibu na kidevu cha Levina, na mikono imevutwa ndani hadi ikakaribia kugusana. Hakuna injini inayokaa namna ile. Hata ya pikipiki.

“Mzee, shikamoo. Jana ulipita hapa?”

“Marahaba, mwanangu. Jana nilikuwa kwenye maulidi Isevya mpaka jioni.” Mzee Twalibu alitundika koti lake msumarini. “Kwani kuna nini?”

“Stendi imechezewa.”

“Na funguo unalala nazo wewe,” alisema mzee akicheka, akaenda kuwasha jiko la chai.

Levina alirudi kwenye stendi. Boliti zile alizikuta zimekazwa kuliko alivyoziacha. Ilibidi aongeze urefu wa mpini wa spana kwa kipande cha bomba ndipo zikalegea.

Karakana yao ilikuwa kando ya barabara ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mzee Twalibu alikuwa na miaka sitini na mitatu, mtoto wa mjini, wa ukoo wa mafundi. Ndiye aliyempokea Levina miaka kumi na mitano nyuma, wakati mafundi wengine walimwambia msichana akasuke nywele, akamfundisha kazi kuanzia kubadilisha oili mpaka kufumua na kuunganisha injini nzima. Sasa walikuwa washirika. Yeye alileta masikio, maana alijua ugonjwa wa gari kabla boneti haijafunguliwa, na Levina alileta mikono.

Stendi ile waliachiwa na Erasmus, mchomeleaji aliyekuwa akifanyia kazi kwenye uwanja wao kabla hajarudi kwao Kaliua. Aliitengeneza kwa vyuma chakavu, na ilikuwa kazi safi: ina magurudumu, inapanda na kushuka, mikono yake inatanuka kufuata ukubwa wa injini, na kichwa chake kinazunguka ili fundi afikie upande wowote bila kulala chini. Pale kichwa kinapozungukia Erasmus alikosa chuma cha kutosha, akachomea pete nene nyeusi aliyoifukua Kwihara alipokuwa akichimba msingi wa nyumba ya mtu. Ilikuwa na pingili tatu za mnyororo. “Chuma cha zamani hiki,” aliwaambia, “kutu hakijui.” Hawakumuuliza zaidi. Kwihara kila anayechimba msingi huokota kitu.

Jumanne mikono ilikuwa imerudi ndani tena, kichwa kipo kwenye urefu uleule. Jumatano kichwa kilikuwa kimeshuka kiasi cha upana wa kiganja. Levina aliiangalia kwa muda, hajui anatafuta nini, mpaka Mzee Twalibu alipopita mbele yake kuchukua gasketi rafuni. Mzee alikuwa mfupi kuliko yeye. Kwa nukta moja shingo yake ilikuwa katikati ya ile mikono minne, na nafasi iliyobaki kila upande ilikuwa ya kidole kimoja.

Levina akakumbuka vipimo vya Jumatatu na Jumanne. Akapeleka mkono kwenye koo lake mwenyewe. Ilikuwa imempima yeye kwanza, ikamwacha.

 Aliifunga juu ya stendi ile injini ya Isuzu iliyokuwa ikisubiri tangu Jumatatu, akijiambia kwamba chuma chenye mzigo wa kilo mia mbili na ushee hakitacheza tena.

Alhamisi, adhana ya adhuhuri ilipokwisha, Mzee Twalibu alitandika mswala wake kwenye kona na Levina akaendelea kufungua silinda hedi, na jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata mbuzi wa jirani walikuwa wamejibanza ukutani, barabara haina mtu, hakuna redio, hakuna pikipiki. Injini ikazunguka. Ilizunguka yenyewe, taratibu, kama mtu anayegeuza kichwa kutazama nyuma, na oili iliyobaki ndani ikaanza kudondoka sakafuni tone moja moja. Kisha ikaja harufu, ya jasho la watu wengi, ya vidonda visivyofungwa na ngozi za mbuzi zilizonyeshewa, ikajaa karakana mpaka Levina akafunika pua kwa mkono wenye grisi. Na ndani ya harufu ile akasikia miguu, miguu mitupu ikiburuta kwenye vumbi kwa hatua moja, na baada ya kila hatua mlio mdogo wa chuma, kaa, kaa, kaa, wanapita kati ya kabati la spana na ukuta ambako paka asingepenya, na karibu kabisa na sikio lake sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyeizoea kazi yake, ikawa inahesabu.

“Mmoja. Wawili. Watatu.”

Ilikwenda bila haraka mpaka kumi na moja. Ikanyamaza.

“Bado,” ikasema.

Miguu ikakoma. Levina aligeuka. Mzee Twalibu alikuwa amerukuu na hakuwa ameinuka. Alibaki ameinama vilevile, mikono magotini, akitetemeka.

“Mzee!”

Alimshika mabega akamkalisha. Kwenye shingo, chini kidogo ya ndevu, kulikuwa na alama nyekundu iliyozunguka mpaka kisogoni, pana kama ukanda.

“Umesikia?” Levina alinong'ona.

“Nimesikia. Usiitaje. Funga mlango twende nyumbani.”

Kesho yake Mzee Twalibu alitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa na hakufika kwake. Levina alipopigiwa simu na watu wa nyumbani kwa mzee aliwasha pikipiki akazunguka mji mzima, mwisho akamkuta mbali, kwenye barabara ya Itigi, anatembea kuelekea mashariki bila viatu wala kofia, shingo ameinyoosha kama mtu aliyefungiwa ubao, nyayo zinavuja damu. Alimwita, hakusikia. Alimkingia pikipiki, akaizunguka. Basi akamshika mkono na kuvuta, na hapo ndipo alipojua hofu ni kitu gani, maana hakuhisi uzito wa mzee mmoja mwembamba aliyemjua. Alihisi uzito wa watu wengi waliounganishwa, kama anavuta tela lililojaa magunia ya tumbaku, nao ndio waliokuwa wakimvuta yeye, hatua kwa hatua, mashariki.

Mahali fulani vijijini adhana ya alasiri ikasikika. Mzee akasimama ghafla, akalegea mikononi mwake.

“Wamesimama,” alisema.

“Akina nani?”

“Walio mbele yangu.”

Usiku ule mzee alilala amefungwa mkono kwenye mguu wa kitanda, kwa ombi lake mwenyewe, na Jumamosi asubuhi Levina akaenda kumwita Bi Najiat.

Bi Najiat alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mama mnene mwenye miwani, na mjini wengi walijua kwamba ana kazi nyingine asiyoitangaza. Alifika karakana na futi yake ya kushonea bado iko shingoni. Hakukaribia mpaka alipovua viatu. Aliigusa ile pete nyeusi kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole haraka.

“Nani aliweka hiki?”

“Mchomeleaji wetu. Alikifukua Kwihara.”

“Hii si pete ya mashine, binti yangu. Ni ya shingo.” Alikaa kwenye kreti ya soda. Alizungumza chini chini, kama yumo msibani. “Babu zako Wanyamwezi walibeba mizigo kwa ujira wao, wakaenda pwani na kurudi. Hawa si hao. Hawa walitolewa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wakafungwa shingo kwa shingo, wakapitishwa hapa. Na wenye misafara wengine hawakutegemea bunduki peke yake. Walimtia jini kwenye chuma. Kazi yake ni moja tu: kuhesabu vichwa na kuhakikisha hakuna aliyepungua. Alihesabu mpaka wangapi?”

“Kumi na moja. Akasema bado.”

“Basi wamepungua wawili, maana minyororo ya namna hii ilifunga watu kumi na tatu. Hao wawili walikufa au walitoroka hapahapa, naye anataka badala yao. Mmoja ni mzee wetu.” Alivua miwani akaifuta kwa kanga. “Huyo mchomeleaji, mmeongea naye lini?”

Levina alipiga simu ya Erasmus. Ilipokelewa na mkewe, Imakulata, na kabla hata hajasalimiwa akaanza kulia.

“Dada Levina, mwenzangu kaondoka. Alhamisi mchana alikuwa anachomea geti, akaiangusha mashine ikiwaka, akashika njia ya reli. Shemeji zangu walimfuata, hawakumpata. Jana kuna waliomwona kapita Urambo. Anatembea tu. Kwa nini anakuja huko kwenu?”

Levina alimtazama Bi Najiat. Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote wawili walikuwa wamesikia.

“Kesho adhuhuri atakuwa hapa,” alisema Bi Najiat. “Hesabu ikitimia watasafiri, na hakuna atakayewarudisha. Inabidi pete ikatwe wakati wamo ndani yake. Si kabla wala si baada. Ikikatwa sasa hivi unakata chuma tu.”

Jumapili Levina hakwenda kanisani. Walimkalisha Mzee Twalibu kwenye mkeka, Bi Najiat akafukiza ubani na kuanza kusoma. Levina alikuwa ameandaa grenda, diski mpya, waya umeunganishwa. Saa sita na robo umeme ukakatika. Aliibonyeza grenda mara tatu nne, kimya. Akaiweka chini, akachukua msumeno wa chuma ukutani.

“Mzee,” alisema, “usiniache.”

“Kata pale alipochomea,” alijibu Mzee Twalibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. “Mchomeleo ni laini kuliko chuma chenyewe. Na usikandamize, utavunja meno ya msumeno.”

Adhana ikaita. Harufu ikaja kabla haijakwisha, nzito kuliko ile ya Alhamisi, ikaumeza ubani wote, na miguu ikaanza kuburuta, na ile sauti tulivu ikaanza, mmoja, wawili, na Levina akaanza kukata, na stendi ikaanza kupanda na kushuka chini ya mkono wake kama kifua cha mtu anayehema, mikono yake minne ikifunguka na kufumba, akaipigia goti na kuikumbatia kwa mkono wa kushoto na kukata kwa wa kulia, watano, sita, uso wake umegusana na chuma kilichokuwa na joto la mwili, saba, msumeno ukavunjika, akaweka mwingine kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwa jasho, tisa, kumi, Bi Najiat anasoma kwa sauti ya kukwama, kumi na moja, na mlango ukasukumwa.

Erasmus aliingia. Miguu yake ilikuwa imevimba na kupasuka, midomo imekauka kuwa myeupe, macho yanatazama mbele bila kuona. Alipita katikati yao akasimama nyuma ya mtu asiyeonekana, akainyoosha shingo yake.

“Kumi na mbili,” ilisema sauti.

Mzee Twalibu akainuka kwenye mkeka. Bi Najiat alimshika kanzu, kanzu ikachanika. Akatembea hatua moja, mbili, akasimama nyuma ya Erasmus.

“Kumi na—”

Pete ikaachia.

Haikulia kama chuma. Ilitoa pumzi, pumzi ndefu ya vifua vingi kwa pamoja, na stendi ikaanguka ubavu na injini ya Isuzu ikabingirika sakafuni. Kisha miguu ikaanza tena kwenda, ila sasa kila mmoja kwa mwendo wake, bila ule mlio katikati ya hatua, wengine wakitembea na wengine wakikimbia, na kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akicheka na kulia kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Walitoka mlangoni. Nje vumbi likainuka na kusogea kufuata barabara, si mashariki. Lilikwenda magharibi, upande wa ziwa, kwao.

Erasmus alianguka akaomba maji. Levina alimnywesha kwa kikombe cha mzee, akilia bila kujua analia, akimwita kwa jina, na yeye akaitika.

“Wameenda,” alisema Levina. “Bi Najiat, wameenda wote.”

 Bi Najiat alikuwa bado ameketi, kipande cha kanzu mkononi, anatazama mlango.

“Waliotoka ni waliofungwa,” alisema polepole. “Huyo aliyekuwa anawahesabu, umemsikia akitoka?”

Levina akageuka. Mzee Twalibu alikuwa amesimama wima katikati ya karakana, mikono ameikunja nyuma, hatetemeki. Ile alama nyekundu shingoni ilikuwa imefutika kabisa. Alikuwa akilitazama vumbi linavyopotea barabarani, na alipofungua mdomo ilitoka sauti tulivu, ya mtu aliyeizoea kazi yake.

“Nani amewafungua watu wangu?”

Erasmus alijikunyata. Bi Najiat alimtikisia Levina kichwa, mara moja, kumkataza.

Levina aliutazama uso ule, uso wa mtu aliyemfundisha kushika spana. Akasimama mbele ya Erasmus, msumeno bado mkononi.

“Ni mimi,” alisema.