Somo la Mikono Lisikatike

Béatha na mumewe Cyriaque wanaishi mtaa wa Niboye. Béatha anauza vitambaa sokoni. Cyriaque anapakia mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe. Mtoto wao, Iteka, ana miaka sita. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa kali, na tangu hapo hasikii.

Mwaka huu Iteka alianza shule inayofundisha lugha ya alama. Kila jioni anarudi na maneno mapya mikononi. Anamwonyesha mama yake. Mama anampa maji. Iteka anatikisa kichwa. Mama anampa ndizi. Iteka anatikisa kichwa tena, kisha anakwenda kukaa peke yake uani.

"Mtoto wangu anajua maneno nisiyoyajua," Béatha alimwambia mumewe. "Atakuwa mgeni humu nyumbani kwake. Sikubali."

Basi wakajiunga na somo la Gwiza. Gwiza ni mwalimu, naye pia ni kiziwi. Anakaa Gatsata, mbali na Niboye. Kila Jumamosi saa tisa alasiri anasimamisha simu mbele yake na kuwafundisha wazazi ishirini na wawili kwa video ya moja kwa moja. Hataki nyuso za watoto zienee kwa watu asiowajua. Kwa hiyo anatumia programu ya simu ambayo ni ya kikundi chao tu.

Shida ilikuwa moja. Picha iliganda.

Jumamosi moja Gwiza alifundisha jinsi ya kusema mahali panapouma. Aliinua mkono, na mkono ukabaki hewani. Béatha alisubiri. Picha iliporudi, Gwiza alikuwa amefika neno la nne.

"Iko nini tena hii!" Béatha alisema. "Hata redio ikikatika unaweza kubahatisha. Mikono ikiganda, hakuna kitu."

Jumatatu Iteka aliamka akilia. Mama alimuuliza kwa alama chache alizojua. Iteka alijibu kwa mikono yote miwili, haraka haraka. Béatha hakuelewa. Alidhani ni tumbo, akampa dawa ya tumbo siku mbili. Siku ya tatu shavu lilivimba. Kumbe ni jino.

Walipotoka kwa daktari, Béatha hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Connie. Connie alikulia Mbarara, na kazi yake ni kufunga laini za intaneti majumbani na maofisini.

"Connie, nisaidie," alisema. "Mtoto aliniambia, na mimi sikumwelewa. Ile video lazima itembee."

Jioni hiyo Connie alikuja. Aliomba simu, akafungua programu, akatazama kumbukumbu za somo la Jumamosi. Kisha akachukua karatasi akachora duara moja, na chini yake maduara mengine.

"Dada, huyu hapa juu ni Gwiza," alisema. "Programu hii haina kompyuta kubwa ya kugawa video kwa wote. Simu ya Gwiza inatuma kwa simu chache. Simu hizo zinatuma kwa nyingine. Kila anayepokea anampa mwenzake. Ndivyo somo linavyofika kwenu."

"Sasa kwa nini linaganda?"

"Tazama hapa. Simu tisa zinavuta video kwa Gwiza peke yake, na simu yake ina nguvu ya kutuma kwa tatu tu. Wote tisa wanapata vipandevipande. Halafu kuna watu wanaopokea lakini hawatumi kwa mtu yeyote. Wanaziba njia."

Béatha alipiga meza. "Watu wabaya! Ni nani hao?"

Connie alichukua tena simu yao. Akamwonyesha kioo cha simu. Mbele ya neno 'kutuma' palikuwa pamezimwa.

"Mmoja wao ni nyinyi," alisema taratibu.

Béatha alimgeukia mumewe. Cyriaque aliinamisha kichwa.

"Nilizima mimi," alisema. "Niliona bando linaisha upesi. Sikujua kwamba naumiza wengine."

"Si wewe peke yako, kaka," alisema Connie. "Nimehesabu simu kumi na moja. Kutuma kunakula bando, ni kweli. Lakini laini yangu ya nyumbani haina kikomo, na inafika hadi kwenu. Jumamosi tumieni yangu. Wengine nao wajiulize: jirani gani ana laini ya namna hiyo?"

Cyriaque aliwasha kutuma palepale.

Wiki ile Béatha hakupumzika. Wateja walipopungua sokoni, alipiga simu. Aliwapigia wazazi wote, mmoja mmoja, akianza kila mara kwa kusema, "Sisi wenyewe tulikuwa tumezima." Hapo hakuna aliyekasirika. Connie naye aliwaandikia ujumbe, kila mmoja apime kasi ya laini yake.

"Msinipe kasi ya kupokea," aliandika. "Nipeni kasi ya kutuma. Laini inaweza kupokea mbio na kutuma polepole."

Matokeo yalipofika, Connie aliandikiana na Gwiza. Walichagua simu tatu zenye kasi kubwa ya kutuma, na hizo tu ndizo zilizoruhusiwa kuvuta kwa Gwiza. Moja ilikuwa ya Béatha, kwa sababu ya laini ya Connie. Nyingine ilikuwa ya Lillian, mke wa askari wa kambi ya Kanombe, mwenye mtoto wa darasa moja na Iteka. Wenye laini dhaifu waliwekwa mwisho, mahali ambapo hakuna anayewategemea. Na kila mtu alipangiwa kupokea kutoka kwa aliye karibu naye.

Jumamosi somo lilianza vizuri. Dakika ishirini nzima mikono ya Gwiza ilitembea. Béatha alicheka kwa furaha. Kisha umeme ukakatika kwa Lillian, na laini ya intaneti ya nyumbani kwake ikazimika. Simu sita zilizokuwa zikipokea kwake zikawa nyeusi kwa pamoja.

Kwenye kikundi mzazi mmoja aliandika, "Tuache tu. Haiwezekani."

"Hatuachi," Béatha aliandika. "Wiki iliyopita tuliona dakika tano. Leo tumeona ishirini."

Jioni Connie alirudi na karatasi yake.

"Kosa hili ni langu," alisema. "Nilimpa kila mmoja njia moja. Mtu akitoka, wote walio chini yake wanapotea. Sasa kila simu ipokee kutoka kwa simu mbili. Huyu akitoka, yule anaendelea."

"Na wakati wa kubadili, hatutaganda kidogo?" Cyriaque aliuliza.

"Swali zuri. Tutaweka akiba. Simu itakusanya sekunde chache za video kabla ya kuonyesha. Njia ikikatika, unatazama akiba wakati simu inatafuta kwingine."

"Basi tuweke dakika nzima!"

"Hapana. Gwiza anauliza, nanyi mnajibu kwa mikono. Ukichelewa dakika nzima, hilo si somo tena."

Walimwandikia Gwiza. Jibu lilikuja: "Sekunde sita naweza kuzivumilia. Zaidi ya hapo nasahau nani ananijibu nini." Chini yake akaongeza: "Na punguzeni usafi wa picha. Sura yangu hata ikiwa na ukungu si neno. Mikono itembee."

Connie alisoma mara mbili. "Hilo sikuliwaza," alisema. Alipunguza ukubwa wa picha, na video ikawa nyepesi kupita kwenye laini za wote.

Jumamosi iliyofuata wazazi walichaji simu mapema. Katikati ya somo mvua kubwa ilinyesha na simu mbili zikatoka. Béatha aliisogelea simu. Mikono ya Gwiza iliendelea. Hakuna aliyepotea. Mwisho wa somo Gwiza aliinua mikono juu na kuitikisa, ndiyo makofi ya viziwi. Sekunde sita baadaye, makofi hayo yalipofika kwenye vioo vyao, wazazi wote waliinua mikono yao. Cyriaque pia, akiwa bado na sare ya kazi.

Sasa miezi mitatu imepita. Béatha hajui yote, lakini anaongeza maneno kila wiki.

Juzi mchana alimpakulia Iteka sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mtoto alisukuma sahani. Béatha akamuuliza kwa mikono, "Unaumwa?"

"Hapana," Iteka alijibu kwa mikono yake midogo. "Chumvi nyingi. Kila siku wewe chumvi nyingi. Mimi nataka viazi."

"Utakula hicho hicho," mama alisema kwa mikono.

"Onja wewe!"

Béatha alionja. Mtoto alisema kweli. Aliketi pale jikoni akicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akachukua kisu akaanza kumenya viazi.