Vikombe Sita vya Nyumba Namba Kumi na Saba

"Domi! Acha hivyo vyombo, njoo uone maajabu!"

Selestini alikuwa ameinama mezani, pua inakaribia kugusa karatasi. Tulikuwa kwenye chumba alichopanga Newala mjini, nusu ofisi, nusu maabara. Karatasi zake za kupimia sumu ya muhogo zilikuwa zimepangwa nyumba kwa nyumba, kila moja imetumbukizwa kwenye mkojo wa mtu mmoja. Karatasi ikibaki njano, mtu yuko salama. Ikienda kahawia, mwili umejaa sumu ya mihogo michungu. Sumu hiyo ikizidi huleta konzo, ugonjwa wa kukaza miguu, na miguu iliyokazwa na konzo hairudi.

"Nyumba namba kumi na saba, Mkunya. Watu sita, kuanzia bibi wa miaka sabini hadi mtoto wa mitatu. Rangi moja! Njano tupu!"

"Labda karatasi zimeharibika."

"Zote sita? Na za majirani zikawa nzima? Hapana mpenzi, hawa watu wanajua kitu. Makopa yao, hiyo mihogo mikavu, wanakausha vipi? Wanaloweka? Wanakula na nini?"

Nilihisi joto linanipanda hadi masikioni. Kitu walichokuwa wanakijua watu wa nyumba namba kumi na saba, mimi nilikijua vizuri sana. Walikuwa wanajua kufukuza watafiti.

Ngoja niseme ukweli mapema, maana aibu yenyewe nimeshaimeza. Mimi, Dominika wa Kitangari, nilikuwa mkusanya takwimu wa Selestini. Alinipa nyumba arobaini. Thelathini na tisa zilinipokea. Ile moja, Bibi Emilia alinitoa uani kwake na vikombe vyangu mkononi. Nikaona haya kurudi mikono mitupu kwa mwanamume aliyekuwa ananisifu kila siku kwamba sijawahi kumwangusha. Nikanywa jagi zima la maji, nikajifungia chooni, nikajaza vikombe sita peke yangu. Nikabandika majina. Bibi, mama, baba, watoto watatu. Wote mimi.

Penzi lina ujinga wake, jamani, lakini huo wa kwangu ulipitiliza.

"Ijumaa namtumia msimamizi wangu muhtasari wa makala," Selestini akaendelea, macho yanamng'aa. "Nataka kuandika watu wa tambarare nzima wafuate njia ya nyumba hii. Halafu Jumapili..."

"Jumapili nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Washenga wangu wanatoka Lisekese kwenda kwa baba yako. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Mama alikuwa ameshapiga lipu ukuta wa mbele.

Jioni ile ujumbe ukaingia:

"Nimeshindwa kusubiri Ijumaa. Nimeshamtumia msimamizi. Amefurahi hadi amenipigia. Kesho saa nne twende wote Mkunya, nataka kumwona huyo bibi kwa macho yangu."

Nikajibu: "Kesho kichwa kinaniuma."

Akaandika: "Leo ni leo, hicho kichwa cha kesho umekijuaje?"

Saa moja asubuhi nilikuwa juu ya bodaboda naelekea Mkunya peke yangu, kwenda kumwomba Bibi Emilia anisaidie kudanganya. Nilimkuta anachekecha unga wa muhogo uani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa vikombe?"

"Ndiye mimi. Bibi, kuna mtu anakuja. Akikuuliza kama ulinipa mkojo, naomba useme ulinipa."

Bibi akaweka chekeche chini, akanitazama kuanzia viatu.

"Yaani nikubali nilikojoa, na sikukojoa?"

"Bibi, ni mchumba wangu. Akijua, ataniacha."

"Na huo aliopewa ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Wa watu sita?"

"Wote."

Akacheka hadi akajishika kiuno. Nami nikacheka kidogo, kwa woga. Halafu kicheko chake kikakatika.

"Unajua kwa nini nilikufukuza? Sikuogopa uchawi. Mimi nasali. Zamani walikuja watu kama nyinyi, na vikombe kama hivyo hivyo. Nikawapa wangu, nikawapa wa wanangu. Wakaandika, wakaondoka. Mpaka leo sijui walichokiona kwenye mkojo wangu. Labda kipo kwenye kitabu huko, watu wanasoma habari zangu, mimi mwenyewe sizijui. Ni adabu hiyo?"

Wakati huo mjukuu wake, Furaha, msichana wa miaka tisa, alitoka ndani. Alitoka ameshika ukuta. Alipofika kizingitini akasimama, akajipigapiga mapaja kwa ngumi, ndipo akashuka.

"Ana nini?" nikauliza.

"Miguu inakaza akishakula. Inaachia, inarudi tena. Mwaka huu mvua ilitupa mgongo, makopa tunakausha siku mbili tunatwanga. Njaa haisubiri."

Siku mbili, sumu haijatoka. Mihogo michungu. Na Selestini ameshaandika kwamba tambarare nzima ifuate njia ya nyumba hii.

Nilimwona Furaha akikaa chini taratibu, magoti yanatetemeka, na ile hofu yangu ya kuachwa ikawa kitu kidogo. Sisemi iliisha. Nikatoa simu, nikampigia.

"Domi! Kichwa kimepona?"

"Sele, nipo kwa Bibi Emilia. Nisikilize usinikatize. Vile vikombe sita ni vyangu."

"Vyako kivipi?"

"Mkojo wangu. Wote. Bibi alikataa, nikaogopa kukwambia. Hakuna njia ya ajabu hapa. Kuna mtoto anatembea kwa kushika ukuta."

Nilisikia kiti chake kinasukumwa.

"Dominika, unatania."

"Natamani."

Simu ikakatika.

Alifika kabla ya saa nne, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakunitazama. Alimpa Bibi shikamoo, akachuchumaa mbele ya Furaha, akamwomba anyooshe mguu, akauliza maswali polepole: inauma wapi, saa ngapi, umekula nini jana, na juzi? Hata akiwa na hasira, yule mwanamume alikuwa anataka kujua. Nilimpenda pale kuliko siku zote, na ilikuwa siku mbaya ya kumpenda.

Halafu akatoa simu yake, akaandika huku anasoma kwa sauti, nadhani makusudi nisikie:

"Mheshimiwa Profesa, naomba kuondoa muhtasari niliotuma jana. Takwimu za nyumba moja si za kweli. Kosa ni langu, sikuhakiki."

"Kosa si lako," nikasema.

"Jina la juu kwenye makala ni langu." Ndipo akanitazama. "Nyumba nyingine umejaza ngapi?"

"Hiyo moja tu."

"Nitajuaje?"

"Pima upya. Zote arobaini. Nitazunguka na wewe, na mlango kwa mlango nitasema nilichofanya."

"Ningeandika, Domi. Watu wangekausha makopa siku mbili kwa sababu mimi nimesema. Na wewe ungekuwa umekaa pembeni yangu unanimiminia chai."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba bibi amekataa?"

"Ulisema sijawahi kukuangusha."

Akafumba macho. "Washenga hawatakuja Jumapili."

Bibi Emilia alijifanya anachekecha unga, lakini chekeche halikuwa na kitu.

Tulimpeleka Furaha hospitali siku ile ile. Daktari akasema bado si konzo, ila mlangoni amefika: unga ule uachwe, ale kunde, ale dagaa, arudishwe kuangaliwa. Kisha zikafuata wiki tatu za kuzunguka. Nilibisha hodi nyumba arobaini na mara arobaini nilisema, "Mimi ndiye niliyejaza vikombe vya watu." Wengine walicheka, wengine walinisonya. Mama mmoja aliita jirani aje asikie. Selestini alisimama nyuma yangu anaandika, haniiti Domi, ananiita Dominika.

Bibi Emilia alikubali kutoa vikombe, kwa sharti.

"Majibu yaje hapa uani kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwenye vitabu vyenu. Na yasemwe Kimakonde, nielewe mimi na wenzangu."

"Nitarudi, Bibi," Selestini akasema.

"Walisema hivyo hivyo."

Alirudi. Uani palijaa majirani. Alizibandika karatasi kwenye ubao, namba bila majina, mimi natafsiri. Ya Furaha ilikuwa kahawia iliyokolea, na Bibi akaitambua bila kuambiwa, akajifunika uso kwa kanga. Tukawaonyesha namna ya kulowesha unga kwa maji kidogo, kuutandaza mwembamba juani masaa mawili ndipo upikwe. Wakauliza maswali hadi Selestini akaishiwa majibu. Maji yenyewe ya kulowesha tuyatoe wapi, na visima vipo bondeni? Wingu likitanda? Kuku wakiula? Aliandika kila swali, na nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Watu walipotawanyika, alichomoa karatasi moja ya njano kutoka kwenye daftari lake.

"Hii ni ya zamani," akasema. "Nilitaka kuzitupa zote sita. Moja ikanishinda."

"Ya nini sasa?"

"Ile siku nilipoziona, nilitamani nimjue mwenye mkojo huu. Anaishi vipi, anafikiri nini. Nimezunguka nyumba arobaini, Domi. Bado nataka kumjua."

Alisema Domi. Nililia palepale, mbele ya kuku na kila kitu.

Jioni alinionyesha makala yake. Jina langu lilikuwa la pili baada ya lake. Chini kidogo, kwenye maelezo ya kazi ilivyofanyika, palikuwa na sentensi: sampuli za awali za nyumba moja zilijazwa na mkusanya takwimu mwenyewe, zikafutwa, na nyumba zote zikapimwa upya.

"Naweza kuandika tu kwamba zilifutwa," akasema. "Ikibaki hivi, watu watajua ni wewe."

"Iache ilivyo," nikamwambia. "Mlango kwa mlango nimeshaisema."

Washenga walifika Kitangari Jumapili moja ya mwezi uliofuata. Upande wetu baba alikuwa amemwalika Bibi Emilia, na Furaha alikuja naye, anatembea bila kushika ukuta, polepole, mkono mmoja umeshika kanga ya bibi yake. Wazee wa Lisekese walizungumza kwa heshima, wakamaliza. Baba akamwangalia Bibi.

"Una neno?"

"Ninalo. Mmekuja kuchukua. Huyo kijana wenu, akishachukua, atarudi kutupa majibu?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na simu, nikamtumia Selestini ujumbe: "Bibi anauliza ukishanichukua utarudi na majibu?"

Jibu likaja kabla sijashusha pumzi. Nilitoka nyuma ya pazia, nikavunja adabu yote, nikampa Bibi simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Nitarudi kila mwaka, Bibi. Na maswali yenu niliyoshindwa nimeyaandika yote."

Bibi akanirudishia simu.

"Mpeni," akasema.